Sakafu ya Chumba cha Kulala: Tunayoambiana Mjengoni na Yaliyo Kweli

Mama mmoja wa Mamboleo, Kisumu, alinipigia simu akilalamika kwamba chumba chake cha kulala kinanuka. Alikuwa amekagua paa, akatoa kabati nje, akaanika godoro siku mbili mfululizo, na harufu haikuondoka. Nilipofika nilivua viatu nikaingia. Sakafu ilibonyea kidogo chini ya kisigino. Nikainua pembe ya ule mkeka wa plastiki wenye sura ya mbao, na chini yake simiti ilikuwa nyeusi kwa ukungu, matone ya maji yamejipanga upande wa ndani wa mkeka kama jasho kwenye kifuniko cha sufuria.

“Fundi, mimi nilinunua ule wa bei ya juu,” akasema. “Niliambiwa haupitishi maji.”

“Ni kweli mama, haupitishi. Ndiyo sababu yaliyo chini yamekosa pa kutokea.”

Slabu ya nyumba ile, yaani bamba la simiti linalobeba sakafu, ilimwagwa Aprili, mvua ikiwa imepamba moto. Mwanzoni mwa Juni mkeka ukatandikwa. Dukani walimwuliza anataka rangi gani na chumba kina ukubwa gani. Hakuna aliyemwuliza simiti ina umri gani, wala kama kuna nailoni ya kuzuia unyevu chini yake, wala nyumba imejengwa juu ya udongo wa aina gani. Na hayo ndiyo yaliyoamua hatima ya sakafu yake, muda mrefu kabla ya yeye kuchagua rangi.

Nimetengeneza sakafu kwa miaka 18. Naishi Nakuru, kazi zangu nyingi ziko Kisumu, na kwetu ni Vihiga. Katika kwenda na kurudi huko nimesikia maneno yaleyale yakisemwa kwa uhakika uleule, na mengine niliyaamini mwenyewe nilipokuwa bado mtu wa mkono nikibeba karai. Nayaandika hapa kwa sababu watu wanatumia akiba ya miaka juu ya maneno hayo, na inaniuma kuona akiba ile ikibanduliwa kwa mwiko.

“Chumba cha kulala weka chochote, mgeni haingii”

Hili ndilo huzaa mengine yote. Sebule hupewa vigae vizuri, chumba cha kulala kikapewa masalio. Lakini sebuleni watu huingia na viatu. Chumbani ndiko mguu mtupu hushuka saa kumi usiku, ndiko mtoto hujifunza kutambaa, ndiko tunakopumua hewa ileile kwa saa saba au nane madirisha yakiwa yamefungwa. Sakafu ya chumbani haichakazwi sana na miguu, hilo ni kweli, na kwa hiyo haihitaji kitu kigumu kupita vyote. Inahitaji kuwa kavu, isiyoteleza, rahisi kusafisha, na inayofaa hali ya hewa ya pale ilipo.

“Simiti ikishakauka, imeshika”

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili nimeliona kwa matajiri na kwa maskini, kwa mafundi wapya na kwa wenye mvi.

Simiti haishiki kwa kukauka. Inashika kwa kunywa maji. Chembe za simiti hukutana na maji zikageuka kitu kipya, na kitu hicho ndicho kinachoshikanisha mchanga na kokoto. Maji yakipotea mapema kwa jua au upepo, kazi hiyo hukatika njiani na sakafu hubaki dhaifu, yenye vumbi lisilokwisha na nyufa kama utando wa buibui. Ndiyo maana slabu na skridi, lile tabaka la simiti na mchanga la kusawazisha juu yake, hunyeshewa maji na kufunikwa kwa magunia mabichi au nailoni kwa siku 7 angalau. Nguvu yake hupimwa ikifika siku 28. Mwenye nyumba anayemwambia fundi “acha kumwagia maji, ikauke upesi” anajidhuru mwenyewe.

Kukauka ni safari nyingine, nayo huanza baada ya hapo. Kanuni tunayoifuata ni kwamba simiti hukauka kwa takriban milimita 1 kwa siku katika milimita 50 za kwanza, na polepole zaidi kadiri unene unavyoongezeka. Hiyo ni pale hewa ni kavu na dirisha liko wazi. Skridi ya milimita 40 peke yake inataka wiki sita hivi. Ukijumlisha slabu ya milimita 100 iliyo chini yake, unazungumzia miezi kadhaa, na kama ni Kakamega katika mvua za Machi hadi Mei, ongeza tena. Juu unaona kijivu cheupe kizuri, unapangusa kwa kiganja hakitoi kitu, kumbe chini kumejaa maji yanayosubiri njia.

Kuna jaribio ambalo halihitaji mashine. Kata kipande cha nailoni safi, mraba wa nusu mita hivi, ukibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne pasiwe na mwanya. Kiache mchana na usiku mzima. Ukikiinua ukakuta matone upande wa chini, au simiti imekuwa nyeusi pale kuliko pembeni, bado. Jaribu sehemu mbili tatu, hasa karibu na kuta za nje na karibu na bafu. Gharama yake ni ya selotepu tu, na ingemwokoa yule mama wa Mamboleo.

Kuna nyumba ambazo jaribio hili halitafaulu hata baada ya mwaka mzima. Hizo ni zile ambazo nailoni nzito, ile ya geji 1000, haikutandikwa chini ya slabu, au ilitandikwa ikatobolewa na wenye toroli. Unyevu wa ardhi hupanda ndani ya simiti kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Katika nyumba kama hiyo usitandike chochote kinachofungia maji. Weka vigae, au acha simiti yenyewe iwe sakafu.

“Mkeka wa mbao ni mbao”

Jina limewapoteza wengi. Mkeka wa mbao, unaouzwa kwa mita kutoka kwenye roli, ni plastiki ya PVC iliyochapishwa picha ya mbao. Hauna hata unyuzi mmoja wa mti. Si kitu kibaya. Ni rahisi kutandika, hupangusika kwa kitambaa chenye maji, na mguu hauushtuki alfajiri. Kwa mtu anayepanga nyumba ya kukodi ni chaguo zuri kabisa, maana akihama anaukunja. Lakini mwenye kununua ajue ananunua nini. Ule mwembamba huonyesha kila kijiwe kilicho chini yake, na miguu ya kitanda cha chuma huutoboa isipovishwa raba. Ukiwa mpya, fungua madirisha siku kadhaa kabla mtoto hajalala humo, harufu ile itoke.

Tofauti yake na lamineti huchanganywa pia. Lamineti ni vibao vinavyoshikana kwa ulimi na mtaro, na kiini chake ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, juu ikabandikwa picha na tabaka gumu la kinga. Huyu ana mbao ndani, naam, ndiyo maana akinywa maji huvimba kingoni na hasinyai tena. Ndoo moja iliyomwagika ikaachwa usiku inatosha. Ubora wa tabaka la juu huandikwa kwenye boksi kwa herufi AC na namba, na kwa chumba cha kulala AC3 inatosha sana. Usimlipe mtu kwa AC5 ya ofisini.

Kuna pia vibao vya SPC, vilivyotengenezwa kwa unga wa chokaa ya mawe na plastiki. Hivi havivimbi kwa maji, vinashikana kama lamineti, na sasa vimeenea katika maduka ya Nakuru na Kisumu. Nikiulizwa kuhusu ghorofa ya juu, mahali ambapo hakuna unyevu wa ardhi, mara nyingi navipendekeza. Kwa sakafu iliyo juu ya ardhi narudi kwenye lile jaribio la nailoni kwanza. Kibao kutovimba hakumaanishi kwamba ukungu hauwezi kuota chini yake.

Vyote viwili, lamineti na SPC, huachiwa mwanya wa kama milimita 8 hadi 10 kwenye kuta zote, ukafichwa na sketi, kile kibao chembamba cha chini ya ukuta. Na lamineti hupumzishwa ndani ya chumba kile kwa siku mbili kabla ya kupigwa, izoee hewa. Fundi anayeibana ukutani “isionekane nafasi” atakuachia sakafu inayoinuka katikati kama mgongo wa ngamia ifikapo msimu wa mvua.

“Vigae vinaleta nimonia”

Mara ngapi nimemaliza chumba, nyanya wa nyumba akaja akashika kigae kwa kiganja, akatikisa kichwa: “Watoto watapata nimonia hapa.” Namheshimu kwa sababu hofu yake ni ya upendo. Lakini nimonia huletwa na viini, bakteria na virusi, vinavyoingia mapafuni. Baridi ya sakafu haina viini. Yanayomweka mtoto hatarini zaidi ni moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba, msongamano chumbani, lishe duni na kukosa chanjo. Nyumba yenye vigae na jiko la kuni linalofuka hadi chumbani haijawa na tatizo la vigae.

Basi kwa nini kigae ni baridi? Weka mkono mmoja juu ya kigae na mwingine juu ya mlango wa mbao wa chumba hichohicho asubuhi. Vyote viwili vimelala humo usiku kucha na vina joto lilelile la chumba. Kigae kinanyonya joto la kiganja chako haraka zaidi, kwa sababu hupitisha joto takriban mara sita hadi nane kuliko mbao, nayo mbao inakuachia joto lako. Ubaridi unaousikia ni mwendo wa joto lako likiondoka.

Ukilijua hilo, utajua pia kwamba jibu la Kisumu na jibu la Molo haliwezi kuwa moja. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana joto hukaribia nyuzi 30, na usiku hewa ya ziwa ni nzito. Pale sakafu inayonyonya joto ni rehema. Nimewaona watoto wa Nyalenda wakiacha godoro wakalala juu ya simiti tupu mwezi wa Februari. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na usiku baridi hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Molo, karibu mita 2,500, ni baridi zaidi. Huko vigae vinawezekana, ila weka zulia dogo pale miguu inaposhuka kitandani, au chagua kitu chenye joto kama mbao au lamineti. Mtoto mchanga popote pale hapaswi kulazwa sakafuni bila kitu kinene chini yake, maana mwili wake hupoteza joto upesi. Hapo nyanya ana haki.

“Vigae vimepasuka, kumbe vilikuwa feki”

Vigae vibaya vipo. Lakini ufa mmoja ulionyooka ukikatiza vigae vitano au sita kutoka ukuta hadi ukuta haukutengenezwa kiwandani. Huo umetoka ardhini.

Ukitoka Kisumu kuelekea Ahero, kuanzia Nyamasaria na kuendelea tambarare ya Kano, unakanyaga ule udongo mweusi ambao mafundi wote wanauita blakikotoni. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo Januari unaweza kuingiza mkono mzima. Nyumba iliyowekwa juu yake hupandishwa na kushushwa kila msimu, na si kwa usawa: ukuta wa nje hupata mvua, katikati ya chumba hubaki pakavu. Slabu inapinda, kisha inapasuka, kisha kigae kinapasuka kwa kuifuata. Nimeitwa mara kadhaa kubadilisha vigae vya aina hiyo. Mara moja nilibadilisha na kulipwa, na baada ya misimu miwili ya mvua nikapita pale nikaona ufa uleule, mahali palepale. Tangu siku hiyo huwa nakataa kazi hiyo mpaka mwenye nyumba akubali tuanze na chini.

Chini maana yake ni hivi. Kama bado hujajenga, udongo ule uchimbwe utolewe mpaka ufikie ardhi ngumu, ujazwe maramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kama milimita 150 kila moja, juu yake hadikoo, yaani mawe magumu yaliyopangwa na kushindiliwa, juu yake vumbi la mawe la kusawazisha, dawa ya mchwa, nailoni, wavu wa chuma wa BRC, ndipo slabu. Kama udongo mweusi ni wa kina kirefu, muulize injinia kuhusu slabu iliyobebwa na mihimili, isiyoegemea udongo kabisa. Ni ghali. Kubandua sakafu ya vyumba vinne baada ya miaka mitatu ni ghali zaidi. Na kama nyumba tayari imesimama, ongoza maji ya paa mbali na kuta, jenga njia ya simiti kuizunguka, ili unyevu wa chini usipande na kushuka kwa kasi.

Nakuru kuna shida nyingine. Mji umekaa juu ya majivu na mawe mepesi ya volkeno ya Menengai, ndani ya Bonde la Ufa. Udongo huo ni mzuri kwa kuchimba, hauvimbi, lakini maji yakielekezwa mahali pamoja huuchukua polepole chini kwa chini, na katika mvua kubwa nyufa ndefu za ardhi hufunguka, hasa upande wa magharibi wa mji. Kabla ya kuchagua rangi ya sakafu huko, tazama maji ya mfereji wa paa yanamwagika wapi. Kama yanamwagika pembeni mwa msingi wa chumba chako cha kulala, anza hapo.

Tukiwa bado kwenye vigae: gonga kwa kifundo cha kidole baada ya kazi. Kikilia kama debe tupu, chini kuna uwazi. Hiyo hutokea fundi anapoweka mabonge matano ya simiti chini ya kigae, manne pembeni na moja katikati. Gundi ya vigae hutandazwa kwa mwiko wenye meno, chini yote, bila nafasi. Na usikubali vigae vya ukutani viwekwe sakafuni kwa sababu vimebaki vya bafu; ni vyembamba na havikutengenezwa kubeba kitanda.

“Kinachong'aa ndicho bora”

Kinachong'aa huteleza. Kwa chumba cha mzee, cha mama mjamzito, au kilicho na bafu la ndani, chagua kigae kisichong'aa. Sina zaidi la kusema hapa, ila kwamba nimeona nyonga iliyovunjika, na hakuna mng'ao wenye thamani hiyo.

“Terazo ni ya shule na hospitali”

Hii inanisikitisha kidogo, kwa sababu terazo ni moja ya sakafu bora tunazoweza kuzitengeneza wenyewe, kwa mikono yetu, mahali palepale nyumba ilipo. Ni vipande vidogo vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyochanganywa na simiti, vikamwagwa katikati ya vipande vya kugawia vya plastiki, alumini au shaba, kisha vikasagwa kwa mashine mpaka mawe yaonekane, na mwisho vikang'arishwa. Watu wanaikumbuka ile ya kijivu ya korido za zamani. Siku hizi simiti nyeupe na rangi hutupatia terazo ya krimu, ya kijani, hata nyekundu kama udongo wa Maragoli, na chumba cha kulala chenye terazo ya rangi tulivu hakina mfano.

Hudumu miongo. Ikichakaa husagwa upya badala ya kubanduliwa. Mafuriko yakiingia, kama yanavyoingia mara kwa mara Nyando na Budalang'i, na kama yalivyoingia kwa nguvu mwaka 2024, unaiosha na kurudi ndani, wakati lamineti na zulia la ukuta kwa ukuta hutupwa. Masharti yake ni mawili. Kusaga hutoa uji wa matope unaoruka hadi ukutani, kwa hiyo ifanywe kabla ya rangi ya mwisho na kabla ya milango. Na slabu iwe imara, maana terazo haina siri: slabu ikipasuka, itaonyesha.

“Zulia linaleta pumu”

Hapa ukweli uko katikati. Kinachowasumbua wengi wenye pumu ni utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, wanaokula ngozi tunayoipukutisha. Wanapenda unyevu. Hewa ikiwa kavu, unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 kwa muda, hukauka wakafa. Makao yao makuu ni godoro na mito, kisha zulia. Kwa hiyo anayeng'oa zulia akabaki na godoro la miaka kumi na mbili amefanya nusu ya kazi.

Hata hivyo, kwa Kisumu na kandokando ya ziwa, simshauri mtu kugundisha zulia la ukuta kwa ukuta chumbani. Hewa ni nzito, zulia halitoki kwenda kuanikwa, na mashine ya kunyonya vumbi wengi hawana. Nakuru mwezi wa Januari hewa ni kavu zaidi, lakini hata hapo napenda zulia dogo linalobebwa nje Jumamosi, likapigwa kwa fimbo na kuachwa juani. Mashuka na foronya zikiweza kufuliwa kwa maji ya nyuzi 60, utitiri haupati nafasi.

“Mbao haifai kwetu, mchwa wataimaliza”

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baadhi ya nyumba za enzi hiyo na za miongo iliyofuata zilikuwa na sakafu za mbao. Ziliinuliwa juu ya nguzo, hewa ikapita chini, na juu ya nguzo pakawekwa vifuniko vya bati vilivyokunjwa kingo, mchwa wasipate njia ya kupanda kwa siri. Waliozijenga hawakuwa na mbao isiyolika. Walikuwa wameelewa mchwa hutokea wapi.

Mchwa hutoka ardhini kupitia nyufa za slabu na pale slabu inapokutana na ukuta. Dawa ikiwekwa kwenye udongo kabla ya nailoni, nyufa zikazibwa, na mbao ikawa ngumu na kavu, sakafu ya mbao inawezekana Nakuru, Eldoret au Kitale, ambako kwa maoni yangu ndiko inakostahili zaidi. Mvule na mahogani ni maarufu. Mkaratusi unafaa ukikaushwa kwa subira. Unyevu wa mbao uwe kama asilimia 12 kabla ya kupigiliwa, la sivyo itajikunja na kuacha mianya. Faida yake juu ya lamineti ni kwamba mbao halisi hupigwa randa na msasa tena na tena, ikazaliwa upya mbele ya macho ya wajukuu.

“Sakafu ya udongo, haina la kufanywa”

Wengi wetu tulilala juu yake. Kila Ijumaa jioni udongo na kinyesi cha ng'ombe vilikandwa, mama akasiriba kwa mkono kutoka pembe ya ndani akielekea mlangoni, na asubuhi chumba kilikuwa baridi na kisicho na vumbi. Ulikuwa ufundi wa kweli. Lakini ukikauka na kupasuka, vumbi lile ndiyo nyumba ya funza, anayeishi katika vumbi kavu kabla ya kuingia kwenye kidole. Na kinyesi hubeba viini, vikiwemo vya pepopunda, ndiyo maana chumba cha mtoto mchanga kinahitaji uangalifu.

Mexico walilichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila lilianza mpango ulioitwa Piso Firme, wa kumwaga simiti katika nyumba za sakafu ya udongo. Watafiti walipolinganisha watoto, waliona kwamba pale udongo ulipoondolewa wote, minyoo ilipungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Ni sakafu tu iliyobadilika. Nchini Rwanda kampuni ya EarthEnable imeshika njia nyingine: udongo uleule, changarawe na mchanga, ukashindiliwa kwa mpango na kupakwa mafuta yanayokauka yakawa ngozi ngumu, hautoi vumbi na hufagiliwa na kupanguswa.

Kwa hiyo mwenye sakafu ya udongo asisubiri mpaka apate pesa za vyumba vyote. Aanze na chumba wanacholala watoto. Chumba kimoja, hadikoo, nailoni, slabu, basi. Vingine vitafuata.

Nilifanya hivyo kwa mama yangu, Vihiga, ingawa nilianza vibaya. Nilimpelekea vigae vinavyong'aa vilivyobaki kwenye kazi ya Nakuru, nikidhani nampa kilicho bora. Alikishika kimoja, akakigeuzageuza, akauliza: “Mwanangu, nikiamka usiku kwenda msalani, nitashika wapi?” Nikavirudisha kwenye gari. Tulimwaga slabu, tukapiga niru nyekundu, ile ya simiti laini iliyochanganywa rangi, nikainyeshea siku saba mimi mwenyewe, na sikuipaka polishi ya kuteleza. Kando ya kitanda nikatandika jamvi la mkonge.

Asubuhi bado hunyunyizia maji kidogo kwa mkono kabla ya kufagia, kama alivyofanya miaka yote ya udongo. Simiti haiyahitaji. Sijamkataza.